Kugeuza Modeli ya Kifaru Kuwa Toleo Jingine: Kutoka Sherman M4A4 Hadi Firefly

Karibu kila kifaru kilichotengenezwa kwa wingi kilibadilishwa kikiwa bado kinazalishwa: kikapewa mzinga mwingine, injini nyingine, au kazi nyingine kabisa. Viwanda vya modeli huchagua matoleo machache kati ya hayo na kuyauza kama seti, na mjenzi anayetaka toleo lisilouzwa, au aliyebaki na seti moja kabatini huku moyo wake uko kwenye kifaru kingine, hana budi kuigeuza seti hiyo kwa mikono yake mwenyewe. Mwongozo huu unaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua kwa kufuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, yaani kugeuza Sherman M4A4, kifaru cha Kimarekani cha Vita vya Pili vya Dunia chenye mzinga wa milimita 75, kuwa Firefly, toleo ambalo Waingereza walilipa mzinga wao mrefu wa ratili 17 (jina linalotokana na uzito wa risasi yake).

Ni kweli kwamba seti kamili za Firefly zinapatikana. Hata hivyo mfano huu unafundisha kuliko mingine mingi, kwa sababu mabadiliko yake ni ya aina zote: kuna kukata, kuziba, kuongeza, kubadilisha na kupaka rangi kwa namna ya pekee. Atakayeuweza ataweza pia kutoa Grant kutoka kwenye Lee, au StuG III kutoka kwenye Panzer III.

Fuata sababu kabla ya kushika kisu

Wajenzi wengi huanza kwa kuorodhesha tofauti zinazoonekana katika picha. Njia hiyo inafaa, lakini huacha mapengo, kwa kuwa jicho huona mzinga na kusahau kila kilichosukumwa na mzinga huo. Njia iliyo salama zaidi ni kuuliza kwa nini kila badiliko lilifanyika, kisha kufuata mnyororo wa sababu mpaka uishe.

Chukua Firefly. Mzinga wa ratili 17 ulikuwa na kipenyo cha milimita 76.2 na mtutu wenye urefu wa vipenyo 55, sawa na meta 4.19 hivi, na tureti ya Sherman, yaani kile kibanda cha juu kinachozunguka na kubeba mzinga, haikusanifiwa kwa ajili yake. Ulipofyatuliwa ulirudi nyuma kwa nguvu, hivyo mitambo ya kuuzuia ikasanifiwa upya, na kitako chake, yaani sehemu ya nyuma inamoingizwa risasi, kikalazwa ubavu ili mpakiaji aweze kuingiza risasi kutoka upande wa kushoto. Redio iliyokuwa ukutani nyuma ya tureti ikakosa nafasi. Ukuta ukatobolewa na redio ikahamishiwa kwenye sanduku la chuma lililoungwa kwa nje. Kitako kipya kilijaza tureti kiasi cha kumzuia mpakiaji kutoka haraka kupitia mlango wa kamanda, kwa hiyo ukatobolewa mlango wake mwenyewe juu ya paa, upande wa kushoto. Risasi nazo zilikuwa ndefu na nzito, zikahitaji nafasi mpya. Mpiga rashasha aliyekaa mbele kando ya dereva akaondolewa, kiti chake kikawa ghala la risasi, na tundu la rashasha yake likazibwa kwa kipande cha chuma. Mtutu mrefu uliyumba safarini, ukahitaji kishikio juu ya sitaha ya injini, ambako ulifungwa tureti ikiwa imegeuzwa nyuma.

Kwa hiyo badiliko moja limezaa kazi sita za kufanya kwenye modeli: mtutu na ngao yake (kinga nene ya mbele ya tureti, mtutu unapotokea), sanduku la redio, mlango wa mpakiaji, kizibo cha tundu la rashasha, kishikio cha mtutu, na wafanyakazi wanne badala ya watano ikiwa utaweka sanamu za watu. Hakuna hata moja iliyotokana na kubahatisha picha.

Mnyororo huo huo hukuokoa kwenye vifaru vingine. Anayedhani T-34 yenye mzinga wa milimita 76 hugeuka T-34-85 kwa kubadilisha tureti tu, ajiulize tureti kubwa inakaa juu ya nini. Duara inayobeba tureti ilipanuliwa kutoka milimita 1,420 hivi hadi 1,600, na katika skeli ya 1/35 hiyo ni tofauti ya milimita 5, kiasi kisichoweza kufichwa kwa puti. Kinyume chake, zipo kazi nyepesi mno: moja ya alama kuu zinazotofautisha tureti ya T-54 na ya T-55 ni kifuniko cha feni chenye umbo la uyoga juu ya paa, ambacho T-55 haina, na mtu anaweza kukiondoa kwa kisu na msasa jioni moja.

Kuchagua seti ya kuanzia

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwani seti nyingi huandikwa "Sherman" kwa herufi kubwa huku toleo halisi likitajwa kwa herufi ndogo pembeni. Sherman hazikuwa na bodi moja. Waingereza waliziita kwa namba kufuatana na bodi na injini: M4 ilikuwa Sherman I, M4A1 ilikuwa II, M4A2 ilikuwa III, M4A3 ilikuwa IV, na M4A4 ilikuwa V. Herufi C iliongezwa kwa kifaru kilichopewa mzinga wa ratili 17. Firefly zilizokwenda vitani zilitokana hasa na M4A4, ambayo ikawa VC, na M4, ambayo ikawa IC, pamoja na zile IC zenye bodi ya mchanganyiko ambayo mbele yake ni ya kusubu na nyuma ni ya mabamba ya kulehemu. Ukianza na M4A3 utapata modeli nzuri ya kifaru ambacho hakikuwa miongoni mwa Firefly hizo.

M4A4 hutambulika kwa injini yake. Chrysler iliunganisha injini tano za silinda sita sita kuwa mtambo mmoja wa silinda 30, na mtambo huo ulikuwa mkubwa hata bodi ikalazimika kurefushwa kwa sentimeta 28 hivi. Katika seti, tazama mambo matatu. Kwanza, nafasi kati ya bogi moja ya magurudumu na nyingine ni pana kuliko katika Sherman nyingine. Pili, sitaha ya injini ina uvimbe nyuma ya tureti, uliowekwa ili rejeta ipate nafasi, na chini ya bodi upo uvimbe mwingine. Tatu, mnyororo wa kila upande una vipande 83 badala ya 79.

Je, inawezekana kurefusha bodi fupi? Inawezekana, lakini sikushauri. Sentimeta 28 ni milimita 8 katika skeli ya 1/35, na msumeno mmoja katikati ya bodi hautoshi, kwa sababu bogi ziliachanishwa katika nafasi zote mbili, huku sehemu ya juu ikirefushwa upande wa injini. Utakata mara kadhaa, utapanga upya bogi, utajenga sitaha nzima, na mwisho utakuwa umefanya kazi kubwa kuliko Firefly yenyewe. Ikiwa seti uliyo nayo ni ya M4 ya kawaida yenye bodi ya kulehemu, jenga IC. Kazi za tureti na za mbele ya bodi zinazoelezwa hapa ni zile zile.

Picha, michoro na hesabu

Tafuta mchoro wa skeli wa toleo unalolenga, wenye mwonekano wa mbele, wa ubavu, wa nyuma na wa juu, kisha picha za wakati wa vita, na baada yake picha za vifaru vilivyohifadhiwa katika makumbusho. Nazitaja kwa mpangilio huo kwa makusudi. Kifaru cha makumbusho kinaonyesha undani ambao hakuna mchoro unaoweza kuuonyesha, lakini mara nyingi kimekarabatiwa kwa vipuri vya vifaru vingine, na kimepakwa rangi na watu ambao huenda hawakujali usahihi. Kukiwa na ubishi kati ya makumbusho na picha ya mwaka 1944, picha ndiyo ishinde.

Ni vyema kuchagua kifaru kimoja maalumu kinachoonekana vizuri katika picha na kukijenga hicho. Mjenzi anayejenga Firefly kwa ujumla hukutana na maswali yasiyo na jibu, kwa mfano ni vifaru vipi vilivyoongezewa mabamba ya ulinzi ubavuni na vipi havikuongezewa. Anayefuata picha moja huangalia tu na kuendelea.

Hesabu yenyewe ni rahisi: gawa kipimo halisi kwa milimita kwa namba ya skeli. Mtutu wa meta 4.19 huwa milimita 120 katika 1/35, milimita 87 katika 1/48, na milimita 58 katika 1/72. Kumbuka kwamba urefu huo unajumuisha sehemu iliyofichwa ndani ya tureti, hivyo urefu unaoonekana upimwe kutoka kwenye mchoro, kuanzia uso wa ngao hadi mwisho wa mtutu. Kwa kulinganisha, mtutu wa milimita 75 ulikuwa na meta 3 hivi, sawa na milimita 86 katika 1/35. Tofauti hiyo ndiyo inayoipa Firefly sura yake.

Hesabia pia unene wa chuma, jambo ambalo wengi hulipuuza. Paa la tureti ya Sherman lilikuwa na unene wa milimita 25, sawa na milimita 0.7 tu katika 1/35, ilhali plastiki ya seti kwa kawaida ni nene kuliko hapo. Ukiacha mlango wazi bila kuipunguza plastiki kwa ndani, kifaru kitaonekana kana kwamba kimejengwa kwa matofali.

Vifaa

Utahitaji kisu cha ufundi chenye wembe mpya, msumeno mwembamba wa modeli, tupa ndogo za bapa, za mviringo na za pembe tatu, msasa wa namba 240 hadi 800, keekee ya mkono yenye biti za milimita 0.5 hadi 2, na kalipa ya kupimia. Kwa kujenga, pata karatasi za plastiki ya polistairini za unene wa milimita 0.25, 0.5, 0.75 na 1, pamoja na fito chache za plastiki hiyo hiyo. Gundi ziwe mbili: ile ya majimaji inayoyeyusha plastiki, kwa kuunganisha plastiki na plastiki, na supagluu kwa chuma na utomvu (resini), kwani gundi ya kwanza haishiki vitu hivyo kabisa. Puti nayo iwe ya aina mbili, ya kawaida kwa mapengo madogo na ile ya epoksi ya kukandwa kwa kufinyanga maumbo.

Vipande vya utomvu vinavyouzwa kwa ajili ya kugeuza modeli hurahisisha kazi, lakini vumbi lake lina madhara kwa mapafu. Visugulie ndani ya maji au kwa msasa uliolowa, na uvae barakoa. Vioshe kwa sabuni kabla ya kuvipaka rangi, kwa sababu mafuta ya kalibu hubaki juu yake.

Kazi ya bodi

Jenga bodi kwa kufuata maelezo ya seti mpaka pale inapokutana na orodha yako, kisha simama. Usigundishe vifaa vidogo vya nje, kama shoka, taa na ndoano, mpaka kukata na kusugua kuishe. Vitavunjika tu mikononi mwako.

Anza na tundu la rashasha lililo upande wa kulia mbele. Acha mdomo wa rashasha na duara lake nje ya modeli, ziba tundu kwa ndani kwa kipande cha plastiki cha milimita 1, jaza puti kwa nje, uiache ikauke usiku kucha, kisha sugua mpaka ubapa wa bamba urudi. Juu yake weka kizibo cha chuma, ambacho unaweza kukichonga kutoka kwenye kipande kinene cha plastiki au kukifinyanga kwa epoksi kwa kufuata picha yako. Kizibo kililehemiwa pembeni pande zote, kwa hiyo kinahitaji mshono wa kulehemu, ambao tutarudi kwake baadaye. Mlango wa juu wa mpiga rashasha haukuondolewa; uache mahali pake.

Ikiwa picha yako inaonyesha mabamba ya nyongeza ubavuni, yakate kutoka karatasi ya milimita 0.75, kwa kuwa yalikuwa na unene wa milimita 25. Yaliwekwa kulinda maghala ya risasi, mawili upande wa kulia na moja upande wa kushoto. Seti nyingine huwa zimeyachora tayari. Katika hali hiyo linganisha tu nafasi zake na picha.

Kishikio cha mtutu kijengwe sasa lakini kigundishwe mwisho. Ni umbo dogo lenye miguu na duara ya kukumbatia mtutu, na fito za plastiki zinatosha. Tengeneza duara yake kwa kuzungushia ukanda wa karatasi ya milimita 0.25 kwenye kipande cha waya chenye kipenyo sawa na cha mtutu wako katika sehemu inayofungwa, sio kipenyo cha mdomo wala cha shina. Kuhusu mahali hasa pa kukiweka, weka tureti na mtutu juu ya bodi bila gundi, geuza nyuma, na uweke alama mtutu unapolala.

Kazi ya tureti

Hii ndiyo sehemu yenye utamu, na ndiyo inayostahili muda mwingi kuliko nyingine zote.

Unganisha nusu mbili za tureti, ziba maungio, na kabla ya kugusa kitu kingine chora kwa penseli mstari wa katikati kutoka mbele hadi nyuma, ukipita juu ya paa. Kila kitu utakachoongeza kitapimwa kutoka kwenye mstari huo, na bila mstari huo sanduku la redio hupinda upande mmoja kwa nusu milimita, jambo ambalo utaligundua siku utakapopiga picha.

Sanduku la redio ni la mabamba, lakini linakaa juu ya tureti ya kusubu ambayo nyuma yake imejipinda. Ugumu wote uko kwenye muungano huo. Pima urefu, upana na kina cha sanduku kutoka kwenye mchoro, kisha kata pande zake kutoka karatasi ya milimita 1, ukiacha milimita 2 za ziada upande unaogusa tureti. Unganisha sanduku juu ya kioo ili lisijipinde, na weka viungo vya pembe tatu ndani ya kila kona ili likaze. Likishakauka, funika nyuma ya tureti kwa msasa wa namba 240, upande wenye chembe ukitazama nje, ushike kwa mkanda wa karatasi, kisha sugua mdomo wa sanduku dhidi yake kwa mwendo mfupi wa kushoto na kulia. Ndani ya dakika chache mdomo wa sanduku utachukua mpindo wa tureti yenyewe, na hakuna kiolezo kitakachokupa usahihi wa namna hiyo. Angalia mara kwa mara kutoka juu na kutoka ubavuni kwamba sanduku halijainama, na acha kusugua mara tu linapofikia urefu wa kwenye mchoro.

Kabla ya kuligundisha, litie uzito. Mtutu wa alumini utakaoweka mbele huielemea tureti, na tureti isiyofungwa vizuri huinuka nyuma. Vipande vichache vya risasi ya kuvulia samaki vilivyogundishwa ndani ya sanduku vitasawazisha mambo, na hilo lina haki yake kihistoria, kwani sanduku la Firefly halisi lilisaidia pia kuusawazisha mzinga mrefu.

Mlango wa mpakiaji una umbo la mstatili na uko kushoto mwa paa. Una njia mbili. Ikiwa utaufunga, chora mipaka yake kwa ncha ya chuma ukiongozwa na rula, bandika kifuniko cha karatasi ya milimita 0.5, ongeza bawaba na kishikio cha waya, na kazi imekwisha. Ikiwa utauacha wazi, toboa vitundu vingi vinavyokaribiana ndani ya mstari, viunganishe vyote kwa kisu, toa kipande, kisha sawazisha kingo kwa tupa bapa mpaka mstarini. Hapo ndipo deni la njia ya pili linapojitokeza: kupitia mlango huo mtazamaji ataona ndani ya tureti, na ndani ya tureti umo mzinga uliolala ubavu, ambao seti yako haina. Isipokuwa umenunua kitako cha mzinga cha utomvu, au utamsimamisha mpakiaji aliyeziba mlango kwa kiwiliwili chake, nashauri ufungwe.

Ngao na mtutu

Ngao ya mzinga wa milimita 75 haifai. Ya ratili 17 ina umbo lake. Ikiwa huna ngao ya utomvu, ichonge kwa kuunganisha karatasi kadhaa za plastiki kuwa donge, kisha kulipunguza kwa tupa na msasa. Weka kiolezo cha karatasi ngumu kilichokatwa kwa umbo la ubavu wake na ukilinganishe kila baada ya misugulo michache. Usisahau tundu la rashasha iliyo pembeni mwa mzinga na tundu la darubini ya mlengaji.

Kwa mtutu, ushauri wangu ni mmoja: nunua wa alumini uliochongwa kwa mashine. Mtutu wa Firefly una unene unaopungua kuelekea mbele na breki ya mdomoni yenye matundu, na kuusugua wa plastiki mpaka uwe duara kamili bila bapa hata moja ni kazi ya kuchosha yenye malipo madogo. Ukilazimika kuujenga, tumia mirija ya shaba inayoingiana, kila mmoja mfupi kuliko ule ulio ndani yake, na ufiche ngazi za miungano kwa puti.

Kuunga mtutu kwa ngao kunahitaji pini. Toboa katikati kabisa ya ngao kwa biti ya milimita 1, toboa shina la mtutu vivyo hivyo, unganisha kwa kipande cha waya wa shaba, na usitie gundi bado. Sogea hatua mbili, tazama kutoka mbele, kutoka juu na kutoka ubavuni. Jicho hugundua mtutu uliopinda nyuzi moja tu, hasa mtutu mrefu kama huu, na kosa hilo halirekebishiki baada ya supagluu kukauka.

Uso wa chuma

Tureti, ngao na kizibo havipaswi kung'aa kama plastiki iliyotoka kwenye fremu, yaani vile vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande vya seti. Chuma cha kusubu kina uso wenye mikwaruzo na vivimbe vidogo. Chuma cha bamba ni laini. Tofauti hiyo isipoonekana, sanduku la mabamba lililoungwa na tureti ya kusubu litaonekana kama kitu kimoja. Punguza puti ya kawaida kwa gundi ya majimaji mpaka iwe kama uji mwepesi, gonga kwa brashi kuukuu yenye manyoya magumu juu ya tureti na ngao, acha ikauke, kisha pitisha msasa wa namba 600 kwa wepesi. Usiguse bodi wala sanduku.

Mishono ya kulehemu hutengenezwa kwa njia ifuatayo. Pasha moto kipande cha fremu ya seti juu ya mshumaa, kivute kiwe uzi, ukigundishe kando ya kizibo au sanduku, kisha ukilainishe kwa matone mawili ya gundi ya majimaji. Subiri kidogo, halafu bonyeza kwa ncha ya kisu mara nyingi, mbonyeo mmoja kando ya mwingine. Mshono uwe mwembamba kuliko unavyodhani. Katika 1/35, mshono wa nusu milimita tayari ni mnene.

Bolti zinazokosekana usizitengeneze. Zikate kwa wembe kutoka kwenye vipande vya seti ambavyo hutavitumia, na kwa sababu hiyo usitupe kamwe fremu ya kifaru kilichokwisha kujengwa.

Praima na rangi

Wakati huu modeli yako ina rangi nne au tano: plastiki ya seti, plastiki nyeupe, alumini, utomvu na puti. Hakuna anayeweza kuhukumu maungio katika hali hiyo. Puliza praima ya kijivu nyembamba juu ya kila kitu, kisha chunguza chini ya taa inayomulika kutoka pembeni. Mapengo yataonekana, na hutapenda unayoyaona. Jaza, sugua, puliza tena, na urudie mpaka sanduku na kizibo vionekane vimezaliwa na kifaru.

Sherman zilitoka Marekani zikiwa na kijani-zeituni cha Kimarekani, nao Waingereza kuanzia 1944 walitumia kijani chao walichokiita SCC 15, chenye kufanana nacho. Sehemu zilizoongezwa Uingereza zinaweza kuwa na kijani kilichotofautiana kidogo na bodi, na mjenzi mwangalifu anaweza kuionyesha tofauti hiyo kwa kiasi kidogo mno kwenye sanduku na ngao. Namba ya usajili ya kifaru cha Uingereza huanza na herufi T. Kabla ya kuweka stika za maji, pulizia vanishi ya kung'aa, la sivyo hewa hubaki chini yake na kuacha weupe. Baada ya stika, funika kwa vanishi isiyong'aa.

Mtutu ndio wa mwisho, na una jambo lake. Katika vikosi vingi vya Uingereza Firefly moja ilikwenda pamoja na Sherman tatu za kawaida, na Wajerumani walijifunza haraka kuutafuta mtutu mrefu na kuupiga kwanza. Baadhi ya wafanyakazi waliufupisha kwa rangi: nusu ya mbele ya mtutu ilipakwa kwa chini rangi nyeupe au hafifu, mpaka wake ukiwa na mawimbi, ili kwa mbali jicho lione mtutu unaokoma katikati. Ikiwa picha yako inaonyesha hivyo, paka nyeupe kwanza, kata mkanda wa karatasi kwa mawimbi, ubandike kwa chini, kisha puliza kijani juu na pembeni. Nyeupe hiyo isiwe safi; ichafue kwa kijivu na vumbi, kwa kuwa nyeupe tupu katika modeli ndogo humulika kupita kiasi. Baada ya hapo gundisha kishikio kwenye sitaha, funga minyororo ya vipande 83 kila upande, na uamue kama tureti itatazama mbele tayari kwa vita au nyuma ikiwa safarini, mtutu ukiwa umefungwa.